Mwacheni Akune Nazi Mwenyewe

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi, chini ya mwarobaini wa shule yetu hapa Kisauni, Mombasa, mbele ya wazazi na walezi wa Gredi ya Tatu. Wengine walikuwa kazini hawakuweza kufika, wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Asalamu alaikum, wazazi wangu. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote. Na nyanya zetu mlioketi pale mbele kivulini, nawaamkia kwa heshima, shikamoo.

Najua Jumamosi si siku ya kumtoa mtu nyumbani. Nguo za wiki nzima ziko kwenye beseni, soko la Kongowea linasubiri, na wapo hapa waliotoka zamu ya usiku bandarini wakaja moja kwa moja bila kufumba jicho. Kwa hivyo sitawaweka. Nimekuja kujibu swali moja ambalo nimeulizwa langoni, sokoni, hata ndani ya matatu: "Mwalimu, nimfundishe nini mtoto nyumbani, nami mwenyewe sikusoma sana?"

Anayeuliza hivyo huwa ameinamisha uso kidogo, kama mtu anayedaiwa. Nataka muuinue uso. Mengi anayotakiwa kujifunza mtoto wa Gredi ya Tatu yanafanyika nyumbani kwenu kila siku, jikoni, dukani, pwani, kitandani kabla ya kulala. Yanafanyika mbele yake, lakini mara nyingi bila yeye. Ombi langu la leo ni kwamba awe ndani ya kazi, afanye kwa mikono yake, na aulizwe anapofanya.

Kwanza niwaeleze kwa haraka yaliyomo mwaka huu, kwa sababu wengi wetu tulisoma chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 na mtaala huu wa umilisi, ulioanza madarasani mwaka 2019, bado tunauzoea. Mtoto anatakiwa asome habari fupi, ya Kiswahili na ya Kiingereza, akaielewa na si kuitamka tu. Aandike sentensi zinazofuatana, moja ikaivuta nyingine. Ahesabu mpaka 1,000, azidishe mpaka 10 mara 10, ajue nusu, robo na thumni. Apime kwa mita, kwa kilo na kwa lita. Asome saa. Ajue pesa na chenji. Ayaangalie mazingira yake, hali ya hewa, maji, mimea na wanyama, aseme alichokiona. Kuna dini, kuna sanaa na michezo. Ndiyo hayo.

Sasa tuingie jikoni.

Wiki chache zilizopita niliwapa watoto kazi ya nyumbani isiyo na karatasi. Niliwaambia: mtu wa nyumbani akipika kwa nazi, mwombe ukune wewe, kisha Jumatatu utueleze hatua kwa hatua. Jumatatu ikafika. Watoto kumi hivi walikuja na maelezo ya mstari mmoja: "Mama alikuna nazi akapika wali." Walikuwa wameangalia tu. Kijana mmoja akasimama, vidole viwili vimefungwa kitambaa, akaanza.

Alieleza jinsi alivyoipiga nazi kwa mgongo wa panga huku akiizungusha mkononi mpaka ikapasuka katikati, na maji akayakinga kwa bakuli. Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia. Akasema ukikandamiza sana, nazi inatoka vipande vipande, na ukikandamiza kidogo haitoki kitu, kwa hivyo mkono unatafuta mpaka upate. Akasema ukifika karibu na kifuu lazima uache, kwa sababu ukipita pale unakuna na ile ngozi nyeusi na tui linachafuka rangi. Hapo ndipo alipojikata. Halafu maji vuguvugu, kikombe kimoja, si zaidi. Akafikicha, akakamua kwa kifumbu. Tui la kwanza zito, akaliweka kando. Akamwagia machicha yale yale maji tena, vikombe viwili, akapata tui la pili, jepesi. Mtoto mmoja akamuuliza kwa nini jepesi ndilo linaloingia sufuriani kwanza. Akajibu: "Nyanya amesema zito likichemka sana linakatika. Linangoja mwisho."

Wazazi wangu, nilikaa chini. Yale maelezo yalikuwa na mwanzo, kati na mwisho, na kila hatua ilikuwa na sababu yake. Ndiyo insha ya maelezo ninayohangaika kuifundisha ubaoni. Vikombe vyake vilikuwa ujazo. Nazi iliyopasuka katikati ilikuwa nusu mbili. Tui linalokatika kwa moto ni sayansi. Na vitenzi je? Kupasua, kukinga, kukuna, kufikicha, kukamua, kuchuja. Vitenzi sita, na hakuna hata kimoja alichokikariri kutoka kitabuni.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtoto wa miaka minane. "Mwalimu, kwa nini tunasema mbuzi huyu amefungwa, lakini ile ya kukunia tunasema mbuzi hii imevunjika?" Nilifuta nilichokuwa nimekiandika ubaoni tukaanza somo jipya hapo hapo. Ngeli, jambo linalowatesa hata watu wazima, ilikuwa imeingia darasani kwa mlango wa jikoni.

Baadaye nilimpigia simu mama yake kumpa pole ya vidole. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nilitaka kumnyang'anya maana alikuwa akichelewesha chakula, lakini nyanya yake akanizuia akasema, mwache, tutakula tukila." Nimeyashika maneno ya yule nyanya. Najua ni taabu. Mtoto akikuna, nazi ya dakika tano inakuwa ya nusu saa, na nusu yake imeanguka sakafuni. Siwaombi kila siku. Mara moja kwa wiki mwacheni, chakula kichelewe.

Na mumpe majina. Upande wa mnazi peke yake sisi watu wa pwani tuna hazina: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Tunda moja, kila umri na jina lake. Nina watoto darasani wanaokunywa dafu kila Ijumaa lakini koroma hawaijui, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha akawaambia, hii si dafu tena na nazi bado. Hilo halihitaji mtu aliyesoma. Linahitaji mtu aliye karibu.

Hivyo hivyo na kibaba. Niliwauliza maana ya "haba na haba hujaza kibaba". Mtoto mmoja akajibu kwa kujiamini kwamba kibaba ni baba mdogo, na ukimpa chakula kidogo kidogo anashiba. Hakukosea kufikiri, kama kitoto ni mtoto mdogo, kwa nini kibaba kisiwe baba mdogo? Ila kibaba chenyewe hajawahi kukiona. Kama kuna nyumba yenye kibaba bado, au pishi, naomba mniazime wiki moja. Nataka watoto wapime mchele kwa mikono yao, vibaba vinne wavione vikijaza pishi moja, ndipo methali iwe na uzito wa mchele ndani yake.

Sasa duka.

Mnakumbuka Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona. Darasa langu lilirudi Januari 2021. Kulikuwa na msichana ambaye muda ule wote alikuwa akimsaidia mama yake kuuza viazi karai mbele ya nyumba. Kiazi kimoja shilingi tano. Nikampa swali kwenye daftari, 100 gawanya kwa 5. Akaangalia karatasi, akaangalia dari, akaanza kulia. Nikamkalisha pembeni nikamwambia, mimi ni mteja, nina noti ya mia, nataka viazi vya hela yote. Hakusubiri nimalize. "Ishirini, na ukwaju wa bure."

Mtoto yule alikuwa anajua kugawanya. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba kile anachokifanya barazani na kile kilichoandikwa daftarini ni kitu kimoja. Kosa lilikuwa langu kwanza, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia hesabu zisizo na viazi wala mteja. Lakini nyumbani pia kazi hiyo inaweza kufanyika. Unapomtuma dukani, usimpe pesa na karatasi ya kumpelekea mwenye duka. Mwambie: noti hii ni ya mia mbili, unga ni shilingi 85, sabuni 60, utarudi na ngapi? Asipate jibu kwa haraka, ngoja. Mwacheni ahesabu kwa vidole, kwa kokoto, kwa vifuniko vya soda. Akitoka mbio kabla ya kujibu, mrudishe kwa upole. Akishajibu, jioni mwambie aiandike hesabu ile ile kwenye daftari: 85 jumlisha 60, halafu 200 toa ile jumla. Ndipo hesabu ya mdomoni na ya karatasini zikutane.

Baba mmoja hapa ni dereva wa tuktuk. Anarudi saa tatu usiku, mtoto kalala. Alinijia akiwa na huzuni kwamba hana nafasi. Tukakubaliana asubuhi, wakati mtoto anavaa viatu, amuulize maswali matatu tu ya jana yake: "Nilibeba watu watatu, kila mmoja shilingi 50, jumla?" Maswali matatu, dakika mbili. Mtoto yule leo anamaliza jedwali la kuzidisha kabla ya wenzake, na ananiambia habari za abiria wa baba yake kana kwamba alikuwemo ndani ya tuktuk. Nimefurahi kumwona baba huyo hapa leo, nami namshukuru.

Mkate wa sinia ukitoka jikoni, mpeni kisu mtoto, mtu mzima akiwa karibu. Akate katikati, nusu. Akate tena, robo. Akate tena, thumni. Kisha muulize, thumni mbili ni nini? Atakula jibu.

Kuhusu saa, niwaonee huruma watoto wetu kidogo, maana jambo hili ni gumu kuliko tunavyodhani. Mtoto wa Mombasa ana saa tatu. Ya ukutani, mshale mfupi uko kwenye 7. Ya mdomoni, mama anasema ni saa moja. Na ya msikitini, anasikia adhana ya magharibi na anajua ni wakati wa kuingia ndani, na hata asiye Mwislamu mtaani kwetu anaijua saa hiyo. Darasani, kwenye somo la hesabu kwa Kiingereza, tunamtaka asome 7. Kwenye Kiswahili, tunamtaka aseme saa moja. Akichanganya, msimcheke. Mfundisheni kwamba Mswahili anaanza kuhesabu saa pale jua linapochomoza na pale linapotua, ndiyo maana tofauti ni sita siku zote. Hapa kwetu, nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua halituhangaishi. Mwaka mzima linachomoza na kutua karibu wakati ule ule, kwa hivyo hesabu ya wazee wetu inakwenda sawa. Mpeni kazi: adhana ya magharibi ikisikika, akaangalie saa, aandike ukutani inasema ngapi na mdomo unasema ngapi. Siku saba. Atakuwa ameshika.

Na bahari. Watoto wa darasa langu wanaishi kwenye mji wa kisiwa, lakini nilipowauliza kwa nini jana ufuo ulikuwa mpana na leo ni mwembamba, wengi walisema mvua. Wazazi wavuvi mlioko hapa, naomba msaada wenu zaidi ya wote. Mnajua maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana yake. Mnajua bamvua, yale maji makubwa, huja mwezi ukiwa mwandamo na ukiwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu, yale madogo. Hilo ni somo la mazingira, na la saa, na la mwezi, mara moja. Mpelekeni mtoto Mkomani, au mkiwa na safari ya Likoni msimame kivukoni, mtu wa miguu halipi kitu, auone ule mteremko wa kupandia feri unavyokuwa mrefu maji yakipwa na unavyofupika maji yakijaa. Siku tatu mfululizo, aandike saa maji yalipojaa. Atoe hesabu. Akiona mwenyewe zile dakika hamsini zikijitokeza kwenye karatasi yake, hatazisahau. Ila asiende peke yake. Hilo nalisema kwa msisitizo, pwani ni ya mtoto na mtu mzima pamoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinikosesha usingizi, na ambalo nawaomba radhi.

Mwaka jana alinijia nyanya mmoja, si wa darasa la mwaka huu. Alingoja mpaka watoto wakatoka. Akaniambia, "Mwalimu, mjukuu wangu zamani alikuwa akinisomea kila usiku. Siku hizi hataki. Nikimwambia neno ananiambia, nyanya hujui Kiswahili."

Nilimwita yule msichana nikafungua daftari lake, nikaona wino wangu mwekundu. Alikuwa ameandika "mato" nikampiga mstari nikaandika "macho". "Ndia", nikaandika "njia". "Ndaa", "njaa". "Akateka sana", nikaandika "akacheka". Sikuandika kitu kingine chochote. Sikumweleza. Mtoto akafanya alichofundishwa: alipomsikia nyanya yake akisema mato, akampiga mstari mwekundu na yeye.

Wazazi, yule nyanya anazungumza Kimvita, Kiswahili cha mji huu, chenye mashairi ya karne na karne. Hakukosea. Kiswahili sanifu tunachokifundisha shuleni kilichukuliwa kutoka Kiunguja, na uamuzi huo ulipitishwa katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928, ili shule za nchi zetu ziwe na vitabu vya namna moja. Lilikuwa jambo la kurahisisha masomo. Halikusema kwamba lugha ya nyanya ni makosa. Mimi, kwa wino wangu, ndiye niliyemfanya mtoto aamini hivyo, na mtu akikosa kusomewa na mjukuu wake usiku, hiyo ni hasara isiyolipika kwa alama za mtihani.

Nilimwendea nyumbani kumwomba msamaha. Alinipa kahawa na kaimati, akanifunza kitu mimi mwalimu. Alisema neno "kaa" mara mbili, akaniuliza kama nimesikia tofauti. Sikusikia. Akaninyooshea kiganja karibu na mdomo, akasema tena. Kaa la moto, pumzi haikutoka. Kaa wa pwani, yule mwenye magando, pumzi ikanipiga kiganjani. Maneno mawili, masikio yake yanayatenga, vitabu vyetu vinayaandika sawa. Nilimpeleka darasani siku ya pili yake. Watoto arobaini na kitu wote wameweka viganja mbele ya midomo wakisema kaa, kaa, na mjukuu wake ameketi mbele kabisa, shingo imenyooka.

Tangu hapo kila Jumatatu tuna neno la nyumbani. Kila mtoto analeta neno moja kutoka kwao, tunaliandika pamoja na ndugu yake wa sanifu: mato na macho, ndia na njia, mtele na mchele. Na si Kimvita peke yake. Darasa letu lina watoto wa makabila mengi. Siku tulipochukua "maji", wa Kigiriama alileta "madzi", na wote wakapiga kelele kwa sababu walisikia ni jirani wa maji. Wa Kijaluo akaleta "pi", wakanyamaza kidogo wakifikiri, kisha mmoja akauliza mbona hili limetoka mbali. Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuuliza mimi. Kwenye mtihani wataandika sanifu, hilo wanalijua na wanalifanya. Lakini hakuna tena wa kumwambia nyanya kwamba hajui.

Kwa hivyo naomba, nyumba yenye mzee, mtoto amsomee mzee huyo dakika kumi kila usiku. Mzee asiyejua kusoma ndiye msikilizaji mwema, maana hamkatizi mtoto kwa herufi. Anamkatiza pale hadithi isipoeleweka. "Eh, huyo sungura alikuwa wapi tena?" Hapo mtoto analazimika kurudi nyuma, na huko kurudi ndiko kuelewa. Akishamaliza, zamu ya mzee. Paukwa, pakawa. Vitendawili viwili vitatu. Nyumba yangu haina mlango. Kuku wangu katagia miibani. Nyumba isiyo na mzee, mama asikilize huku anakaanga. Ndugu mkubwa asikilize. Asome kwa sauti, hilo ndilo la lazima. Wanaojikwaa kwenye "ng'ombe" na "ngoma", kwenye "dh" na "gh", wasomewe mara moja kisha waachiwe. Watoto wanaokwenda chuoni, yaani madrasa, wanazo herufi hizo ulimini tayari, nawashukuru maustadhi wao, na nimeanza kuwapa kazi ya kuwasaidia wenzao.

Hapo hapo niseme juu ya uchovu. Wengi wa watoto hawa wanaamka kabla ya alfajiri, wanatoka hapa saa tisa, wanaingia chuoni mpaka magharibi. Mtoto anayesinzia juu ya daftari hajifunzi kitu. Kazi ya nyumbani yangu haitazidi dakika ishirini. Ikizidi, fungeni daftari mmlaze mtoto, mniandikie mstari mmoja kwenye diari. Sitamuadhibu.

Na msiwafanyie. Najua nani amechora, mwandiko wa baba naujua. Lakini lawama ya hili pia ninayo. Mwaka mmoja nilituma watoto walete picha za viumbe wa baharini zilizochapishwa kwa rangi, zibandikwe kwenye manila. Zikaja nzuri, zimenyooka. Miezi baadaye mama mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ile alilipa saiba, pale pa kuchapisha, kwa nauli yake, akarudi nyumbani kwa miguu. Sikujua pa kuficha uso. Tangu siku hiyo situmi kazi inayohitaji pesa. Wakichora, wachore kwa penseli. Mwaka huu mtoto alichora pweza mwenye mikono sita. Mjomba wake mvuvi akamwambia ahesabu vizuri, akamletea pweza mzima nyumbani, wakahesabu, minane. Ule mchoro umefutwa ukachorwa upya, karatasi imetoboka kwa ufutio, na ndio niliobandika ukutani juu kabisa.

Kwenye kundi letu la WhatsApp, naomba pia tusitume picha za kazi za watoto tukazilinganisha. Anayeona ya mwenzake imeng'aa, usiku huo huo anachukua penseli mkononi mwa mwanawe.

Nimesema mengi kuliko nilivyoahidi. Jumatatu ijayo neno letu ni la jikoni: kila mtoto aje na jina la chombo kimoja cha kwao, kifumbu, mwiko, kata, kinu, chochote, na aweze kueleza kinafanya nini na nani alimwonyesha. Kama chombo chenyewe kinabebeka na hakikati, aje nacho. Mwenye kibaba asisahau.

Naona mama aliye nyuma pale amenyoosha mkono muda mrefu. Karibu, mama, sema.